Ukipewa Uhusika wa Tajiri Mwenye Uchu, Anza na Kazi Yake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwigizaji chipukizi aliyeniarifu kwa furaha kwamba amepewa uhusika mkuu katika filamu ya zama zilizopita, uhusika wa mfanyabiashara anayeanza akiwa hana mbele wala nyuma na kuishia kumiliki kila kitu kilichowahi kuwa cha jirani zake. Swali lake lilikuwa moja tu: afanye nini ili ghadhabu yake iwatishe watazamaji? Alisema amekwisha kuanza mazoezi ya sauti, na kwamba watu anaoishi nao wameanza kulalamika.

Ninamjibu hadharani kwa sababu najua wengi wenu mnautamani uhusika wa aina hiyo, ule ambao mtu mmoja huibeba hadithi nzima na jina lake likatangulia majina ya wengine wote. Mimi niliutamani, nikaupata, nikanyang'anywa, kisha nikapata mwingine ulio bora kuliko wa kwanza, na maonyesho yetu yaliyomalizika hivi karibuni ndiyo yanayonipa ujasiri wa kusema ninayoyasema hapa.

Kabla hujapandisha sauti hata mara moja, ndugu yangu, itazame There Will Be Blood, filamu ya mwaka 2007 iliyoandikwa na kuongozwa na Paul Thomas Anderson, ambayo imechota, kwa kiasi fulani tu, kutoka riwaya ya Upton Sinclair iitwayo Oil! iliyotoka mwaka 1927. Humo Daniel Day-Lewis anamwigiza Daniel Plainview, mchimbaji wa madini ya fedha anayegeuka kuwa tajiri wa mafuta huko California, na kwa kazi hiyo alitunukiwa mwaka 2008 Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, ya pili kati ya tatu alizopata katika kundi hilo. Watu wengi huikumbuka filamu hii kwa makelele ya mwisho. Wewe anza na robo saa ya kwanza, ambayo karibu yote haina mazungumzo.

Ni mwaka 1898. Mtu yuko peke yake ndani ya shimo, anapiga mwamba kwa sururu huku cheche zikiruka. Baadaye kipandio cha ngazi kinavunjika chini ya uzito wake, naye anaporomoka hadi chini na kuvunjika mguu. Fuatilia anachokifanya baada ya hapo. Katika maumivu yale anakagua mawe yaliyopasuliwa na baruti, na anapoiona fedha anajitoa shimoni kwa nguvu zake mwenyewe, anajikokota juu ya ardhi kavu, na tunapomwona tena amelala chali kwenye sakafu ya ofisi ya kupimia madini, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, akisubiri kuambiwa mzigo wake una thamani gani. Hakuna mtu aliyesema kwamba huyu ana tamaa. Hakuna aliyetamka methali yoyote. Sisi wenyewe tumeiona, na tumeiona kwa kumtazama mtu akifanya kazi anayoijua.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilichaguliwa kumwigiza tajiri katika tamthilia ya jukwaani, na mazoezi yalipokuwa yamefika mbali mwongozaji aliniita pembeni, ingawa si mbali kiasi cha wenzangu kutosikia, akaniambia kwamba sauti yangu haina utajiri ndani yake. Uhusika ukapewa mwenzangu mwenye kifua kipana, aliyenguruma tangu pazia lilipofunguliwa hadi lilipofungwa, na makofi akayapata. Sitamtaja mwongozaji yule. Itoshe kusema kwamba sentensi ile ningali naikumbuka neno kwa neno, na kwamba alikosea siku ile na anaendelea kukosea kama bado anawafundisha watu kwamba utajiri hukaa kooni.

Nilirudi kuitazama filamu ya Anderson nikiwa na kinyongo, nikitafuta ushahidi wa kumshinda mwongozaji yule, na ushahidi niliupata mikononi mwa Day-Lewis. Inajulikana kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 mwigizaji huyu aliiacha kamera kwa muda akaenda Florence, Italia, kujifunza ushonaji wa viatu. Sidai kwamba viatu ndivyo vilivyompa Plainview, lakini mtu anayeheshimu ufundi wa mikono kiasi hicho hawezi kukishika kifaa cha kazi kama pambo. Tazama anavyozishika kamba, ndoo na ramani. Anavishika kama mtu aliyekwisha kuumizwa navyo.

Uhusika wangu wa pili ulikuwa wa mchoma chokaa anayenunua tanuri la jirani yake, kisha la mwingine, hadi anapokuwa mwenye ardhi yote. Nilimtafuta mzee mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo ujanani, nikamwomba anifundishe. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mtu wa chokaa hagusi uso wake." Akanieleza kwamba vumbi la chokaa likikutana na jasho huchoma ngozi, na likiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo mchomaji akitokwa jasho hujifuta kwa sehemu ya ndani ya kiwiko, palipo safi, na vidole vyake huviweka mbali na macho hata siku ya mapumziko, kwa mazoea. Akanionyesha. Mkono wake ulikwenda usoni na kugeuka wenyewe njiani, kana kwamba umekumbushwa.

Kwa ishara hiyo moja niliujenga uhusika mzima. Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia, mhusika wangu amevaa suti nyeupe, ana watumishi, tanuri hajalikaribia kwa miaka mingi, lakini akitishwa na habari mbaya anajifuta jasho kwa kiwiko. Watazamaji walicheka kidogo katika onyesho la kwanza, kisha wakanyamaza ghafla, na ukimya ule sitaubadilisha kwa makofi ya mtu yeyote. Nasikia mwongozaji wa zamani alikuja kututazama usiku mmoja. Hakuja nyuma ya jukwaa kunisalimia, nami sikumtarajia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: jifunze kazi ya mhusika wako. Umenieleza kwa kirefu jinsi anavyowachukia wapinzani wake, lakini hukuniambia anauza nini. Ukishajua anauza nini, jua pia nani anamlipa, nani anamdai, na ni kitu gani kinachomkosesha usingizi.

Hapo ndipo filamu hii inapokuwa shule. Visima vya Plainview vinatoa mafuta, lakini mafuta yaliyo mbali na bahari husafirishwa kwa reli, na nauli ya reli humla mchimbaji faida yake. Hii haikuwa hadithi ya kubuni katika Marekani ya wakati ule: kampuni ya Standard Oil ilikuwa imejipatia sehemu ya nguvu zake kwa mapatano ya siri ya nauli na kampuni za reli, hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamuru ivunjwe mwaka 1911, mwaka ule ule ambao Plainview anafika katika mji wa kubuniwa wa Little Boston. Anachokitaka yeye ni bomba la kufikisha mafuta pwani bila kumpigia mtu wa reli magoti, na bomba hilo lazima lipite katika ardhi ya mzee mmoja, Bandy, ambaye hakumuuzia. Bandy anakubali kwa sharti moja, kwamba Plainview akabatizwe katika kanisa la kijana Eli Sunday, mhubiri anayemchukia.

Basi anapiga magoti kanisani. Eli, anayeigizwa na Paul Dano, anamlazimisha akiri mbele ya watu wote kwamba amemtelekeza mtoto wake, anamzaba makofi, anamtaka aseme tena kwa sauti zaidi. Waigizaji wengi wangeliigiza tukio hili kama aibu tupu, au hasira tupu. Day-Lewis anaweka vitu vitatu juu ya uso mmoja: aibu ya kweli kuhusu mtoto, kiapo cha kulipiza kisasi, na hesabu. Maji yakiwa yangali yanamtiririka, tunamsikia akinong'ona juu ya bomba lake. Mtu ambaye hajui kwa nini bomba lina thamani hawezi kuigiza kunong'ona kule. Atapiga kelele tu, kwa kuwa kelele ndicho kitu pekee alichokuja nacho.

Sina maana kwamba mhusika mwenye tamaa hana hasira. Anazo nyingi. Lakini angalia zinakotoka. Mjumbe wa Standard Oil anapompa Plainview ofa ya kumfanya milionea, mazungumzo yanakwenda kwa adabu hadi mjumbe anapogusia kwamba sasa atapata nafasi ya kumlea mwanawe. Hapo ndipo Plainview, bila kuinua sauti, anapomwahidi kwamba usiku mmoja atamfuata alipolala na kumkata koo. Tishio la kuogofya kuliko yote katika filamu linatolewa mezani, kwa sauti ya mtu anayejadili bei.

Na kuna furaha, ambayo waandishi wa miswada huisahau kabisa. Gesi inalipuka, mnara wa kuchimbia unashika moto, na mtoto, H.W., anatupwa na mshindo ule na kupoteza uwezo wa kusikia. Plainview anakimbia naye mikononi, anamlaza mahali salama, kisha anamwacha akimlilia na kurudi kuutazama moto. Ameketi, uso mweusi kwa mafuta, macho yanang'aa. Anamuuliza Fletcher, msaidizi wake, mbona ana uso wa huzuni, kwa kuwa chini ya miguu yao kuna bahari nzima ya mafuta. Fletcher anauliza kama mtoto yuko salama. Anajibiwa kwamba hayuko, na Plainview anaendelea kutazama. Hakuna chuki hata kidogo katika uso ule, kuna furaha ya mtoto aliyepewa alichokiomba, na ndiyo maana tukio hili haliniachi. Tamaa, kwa anayeiishi, ni jambo tamu. Ukiigiza uchungu wake peke yake umeigiza maoni yako juu ya mhusika, na maoni yako hatukuyalipia kiingilio.

Niseme na jambo moja ambalo litawakera baadhi yenu. Kila mwaka nawaona vijana wakija kwenye usaili wakiwa wamekariri maneno ya Plainview katika tukio la mwisho, yale ya maziwa na mrija anayomweleza Eli jinsi alivyoyanyonya mafuta ya chini ya ardhi ya Bandy, wanayatoa kwa mbwembwe, na wanaondoka wakidhani wameonyesha uwezo. Tukio lile limepigwa katika chumba cha kuchezea bowling, mchezo wa kuviringisha tufe, ndani ya Greystone, jumba halisi la Beverly Hills ambalo tajiri wa mafuta Edward Doheny alilijenga kwa ajili ya mwanawe, na mtu anayepiga kelele humo amekwisha kufanya kazi kimya mbele yetu kwa zaidi ya saa mbili. Wewe umeingia chumba cha usaili dakika mbili zilizopita. Hujachimba kitu. Acheni kuiba matunda ya jasho la mwenzenu, mkalime shamba lenu. Mwigizaji asiye na subira ya kujifunza jinsi ya kufunga fundo la kamba hana haki ya kulalamika kwamba hapewi nafasi kubwa, na nalisema hili nikijua kwamba waliokosa subira wakati mwingine hupewa nafasi hizo mbele ya macho yetu. Nimeyaona. Subirini hata hivyo.

Kuhusu sauti, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza: Plainview ana sauti nzito, ya taratibu, yenye kuviringisha maneno, na wengi wamesikia ndani yake mwangwi wa John Huston, mwongozaji na mwigizaji wa kizazi kilichotangulia. Lakini sauti ile ina kazi. Ni ya mtu anayesimama mbele ya wenye mashamba akiwaeleza kwamba yeye ni mtu wa mafuta na pia ni mtu wa familia, mwanawe akiwa kando yake, na anayehitaji kila neno liwafikie ili waweke sahihi. Ni sauti ya kuuzia. Itafute ya mhusika wako kwa njia hiyo hiyo: simama mbele ya mtu asiyetaka kununua na umshawishi, na usimwache aondoke. Mazoezi haya hayatawasumbua unaoishi nao.

Mwisho, kumbuka kwamba filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Utaigiza uzee wako Jumatatu na ujana wako Ijumaa. Mguu uliovunjika mwaka 1898 unamfanya Plainview achechemee hadi mwaka 1927, katika kila tukio, hata pale ambapo hakuna anayeutazama, na hilo haliwezekani kwa kutegemea kumbukumbu. Pembeni mwa kila tukio katika mswada wako andika mambo matatu: ni mwaka gani, ana mali kiasi gani, na wapi panamuuma. Mwombe msimamizi wa uzalishaji akupe nakala iliyochapwa upande mmoja tu wa karatasi, maana nafasi ya pembeni haitakutosha.