Ngapi Alhamisi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kocha wa watoto atangulize nini, ushindi au maadili?" Wenzangu wengi watajibu kwa soka. Mimi naishi Ohio, Marekani, na mwanangu alipofika miaka tisa alilikataa soka, akataka besiboli. Nilimpeleka mazoezini nikaulizwa kama nina nafasi Jumamosi. Nikasema ninayo. Ndivyo nilivyoupata ukocha msaidizi wa mchezo nisioujua. (Jirani yangu Mganda alifurahi kuliko mimi, hachoki kusimulia vijana wa Lugazi waliofika fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale.)

Nilipewa kazi ya asiyejua kitu: kuhesabu. Kidude kidogo mkononi, mrushaji wetu, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, akirusha, nabonyeza. Nilidhani wananitafutia cha kufanya tu. Kumbe kanuni za Little League ni kali: mtoto wa miaka 11 au 12 mwisho wake ni mirusho 85 kwa siku, na akirusha kati ya 51 na 65 apumzike siku tatu. Kiwiko cha umri huo bado kinakua. Ukikichosha leo, unamharibia mtoto miaka ya mbele.

Lakini kidude changu hakijui mtoto amerusha wapi kwingine. Wengi wanachezea timu mbili. Kwa hiyo kocha wetu mkuu, mzee mmoja mpole, kila Jumamosi kabla ya mechi huzunguka na daftari akimuuliza kila mrushaji: "Wiki hii umerusha wapi, na ngapi?" Siku moja mrushaji wetu hodari, miaka 12, alijibu akiangalia viatu: Alhamisi, kama sitini hivi. Baba yake alikuwa nyuma ya uzio, amemwambia anyamaze.

Mzee hakugomba. Alilifunga daftari, akampanga pembeni kulia mwa uwanja kudaka mipira, kazi ya kurusha akampa mwingine. Hapo ndipo nilipoona jibu la swali lenu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu tangu majira ya baridi, ndani ya ukumbi wa mazoezi, alikuwa amewafundisha watoto wanne kurusha, mmoja wao akipiga ukuta zaidi ya glovu. Kocha mwenye mrushaji mmoja atahubiri maadili mwaka mzima, na siku mechi ikibana atamtumia huyo huyo hadi mkono umuume. Hana wa kumbadilisha naye.

Tulipoteza, 7 kwa 3. Baba yule alininunia wiki mbili, mimi mshika kidude, sijui kwa nini. Mtoto mwenyewe dakika za mwisho alikuwa benchini, shavu limejaa mbegu za alizeti, anashindana na mwanangu nani atatema ganda mbali zaidi.