Ngoma 20 za Wiki: Mnauliza, Tunajibu

Toleo lililopita tuligusia chati binafsi: orodha ya nyimbo unazozipenda wewe, unayoipanga upya kila wiki kwa nafasi kama redio zinavyofanya, ila mpigakura ni mmoja. Barua zimekuja nyingi. Tumechukua zinazohusu muziki wa kucheza na pop, maana huko ngoma mpya hutoka kwa fujo kila siku na ni rahisi mtu kupitwa.

Habari za kazi, wahariri. Nina nyimbo nyingi kwenye simu na zote nazipenda. Nikijaribu kuzipanga kuanzia ya kwanza nachanganyikiwa. Naomba utaratibu.
*Mwanafunzi wa chuo, Mwanza*

Anza na nyimbo 20. Kumi ni chache: zikiingia mpya tatu, karibu theluthi ya chati imebadilika na huwezi kufuatilia safari ya wimbo wowote. Arobaini nazo ni nyingi mno. Ukifika nafasi ya 30 hivi utakuwa unabahatisha tu.

Chora jedwali la safu saba, kwenye daftari au kwenye simu: nafasi ya wiki hii, nafasi ya wiki iliyopita, jina la wimbo, mwimbaji, prodyuza, nafasi ya juu kabisa uliyowahi kufika, na idadi ya wiki. Safu ya prodyuza wengi huiruka. Usiiruke, utaona faida yake chini. Siku ya kupanga iwe moja, na Jumapili jioni inafaa: tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zimekubaliana kutoa nyimbo mpya Ijumaa, kwa hiyo unakuwa na siku tatu za kuzisikiliza, Ijumaa hadi Jumapili.

Usitoe alama juu ya kumi. Kila wimbo unaoupenda utaambulia 8 au 9 na hutapata mpangilio wowote. Linganisha mbili mbili. Wimbo mpya upambanishe na ule wa nafasi ya 10, ujiulize: kama ningeruhusiwa kusikiliza mmoja tu sasa hivi, ningechagua upi? Mpya ukishinda, mpeleke akutane na wa 5. Ukishindwa, na wa 15. Endelea kugawa nusu hivyo hivyo. Kwa nyimbo 20, maswali matano yanatosha kupata nafasi yake. Zile zilizokuwamo tangu wiki iliyopita anza nazo chini kupanda juu, kila mmoja na jirani yake wa juu, ukibadilisha panapostahili.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuupambanisha wimbo uliousikia mara 15 na ule uliousikia mara moja. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, peke yake, kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi. Wimbo mgeni unaingia uwanjani umeshafungwa. Dawa yake ni benchi: wimbo usiingie kwenye chati mpaka uwe umeusikiliza mara tatu, siku tatu tofauti, wote hadi mwisho.

Kwa nini nijisumbue na daftari wakati programu ya muziki inahesabu yenyewe?
*Fundi simu, Kariakoo*

Kwa sababu inahesabu kilicholia, si kilichopendwa. Spotify huhesabu wimbo ukishapita sekunde 30. Last.fm, huduma inayoandika kila unachosikiliza, husubiri nusu ya wimbo au dakika 4, kinachotangulia. Simu yako ikiwa mezani inajiimbia huku wewe uko nje na mteja, vyote viwili vimeshaandika. Tumia hesabu hizo kama shahidi tu: wimbo ulioupa nafasi ya 3 lakini hukuucheza hata mara moja wiki nzima, una mashaka.

Wadau, chati yangu imeganda. Nyimbo tano za juu ni zile zile karibu miezi mitatu sasa. Kuna haja gani basi?
*Msomaji wa Eastleigh, Nairobi*

Chati isiyo na mlango wa kutokea huganda, hata zile kubwa. Chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard la Marekani, iliyoanza Agosti 1958, kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni kwamba wimbo uliofikisha wiki 20 na kushuka chini ya nafasi ya 50 unaondolewa. Wenye chati rasmi ya Uingereza walibanwa zaidi Machi 2017, pale mwimbaji Ed Sheeran alipojaza nyimbo 16 kwenye 20 bora kwa wiki moja. Julai mwaka huo wakaweka kanuni mbili: msanii mkuu asizidi nyimbo tatu kwenye chati, na wimbo uliotimiza wiki 10 kisha ukashuka wiki tatu mfululizo, usikilizwaji wake uhesabiwe nusu.

Chukua roho ya kanuni hizo uzipunguze zikutoshe. Msanii asizidi nyimbo mbili. Wimbo ukimaliza wiki 12 utoke, hata kama bado ni namba moja, uende kwenye orodha ya pembeni ya vipenzi vya kudumu. Ukishuka wiki tatu mfululizo ukiwa nje ya 10 bora, utoke. Na kila wiki ziingie nyimbo mpya tatu, hata kama hujisikii. Hii ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Nafasi 20 zikipokea wageni watatu kila wiki, wastani wa wimbo kukaa ni karibu wiki saba, na wewe unalazimika kutafuta. Bila deni hilo la tatu kwa wiki, chati inabaki albamu ya picha za zamani.

"Mpya" maana yake mpya kwako. Ngoma ya 2016 ambayo hujawahi kuisikia ina haki ya kuingia.

Niko Muscat. Napata ngoma zinazotrendi tu, ambazo kila mtu anazo. Hizo nyingine mnazitoa wapi?
*Msomaji wa Muscat, Oman*

Sasa ile safu ya prodyuza inaingia kazini. Kwenye bongo flava jina kubwa juu ya wimbo ni la mwimbaji, na aliyetengeneza mdundo unamsikia kwa sekunde mbili tu pale mwanzoni, kama ile sauti ya "Ayo Lizer" ya prodyuza Lizer. Gusa nukta tatu pembeni ya wimbo, shuka hadi sehemu ya waliohusika, andika jina la prodyuza. Baada ya wiki sita hivi utaona jina moja au mawili yanajirudia kwenye chati yako, na huenda hukuwahi kuyafikiria. Hilo ndilo la kutafuta: wamemtengenezea nani mwingine? Mara nyingi utaangukia wasanii wachanga waliopewa mdundo wa mkono ule ule, ila hawana fungu la matangazo.

Kwenye amapiano, muziki wa kucheza wa Afrika Kusini, mambo ni kinyume. Kule prodyuza ndiye bango: Kabza De Small, DJ Maphorisa. Waimbaji wanaalikwa. Kwa hiyo fuata waalikwa. Sauti iliyokugusa kwenye ngoma ya prodyuza mkubwa, tafuta alikoalikwa kwingine.

Singeli haipatikani vizuri kwa njia yoyote kati ya hizo, kwa sababu sehemu kubwa yake huzaliwa kwenye vigodoro (sherehe za mtaani za usiku kucha) na studio za uswahilini Dar es Salaam na kuzunguka kwa simu kabla ya kufika kwenye programu rasmi. Kwa aliye mbali, pa kuanzia ni lebo. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* mwaka 2017, kutoka studio ya Sisso ya Dar, na ukivuta majina yaliyomo humo utapata kazi ya miezi.

Njia ya tatu ni miksi za DJ. Tovuti ya muziki iitwayo Mdundo inazo tele. Miksi ya saa moja inaweza kubeba nyimbo 20 hadi 30, na DJ ameshakuchujia. Shida ni majina. Shazam, programu ya kutambua wimbo unaolia, inalinganisha alama za sauti na zile za rekodi ya asili, kwa hiyo inashindwa mahali patatu: nyimbo mbili zinapolia pamoja, DJ anapoongea juu ya wimbo (na wengine hawafungi mdomo kabisa), na kasi inapoongezwa sana. Ngoma ya midundo 113 kwa dakika ikisukumwa hadi 118 imeongezwa zaidi ya asilimia 4. Subiri DJ amalize kuunganisha, acha kiitikio kiingie peke yake, ndipo uiwashe. Ikikataa, andika dakika na mstari mmoja wa maneno, utautafuta baadaye kwa maneno hayo.

Kiasi: sikiliza mpya kama 30 kwa wiki, nane ziende benchi, tatu au nne ziingie. Chini ya hapo utakuwa unaingiza nyimbo ili kutimiza idadi.

Nikichungulia amapiano kwa sekunde 30, zote naziona moja. Masikio yangu ndiyo mabovu?
*Dereva wa bodaboda, Morogoro*

Masikio yako hayana tatizo, ila unachungulia mahali ambapo hakuna kitu. Muziki wa kucheza hutengenezwa ili DJ aweze kuunganisha, hivyo mwanzo mara nyingi ni kayamba, kinanda kidogo na ngoma kavu. Hesabu mwenyewe: baa moja ya muziki ni midundo minne, kwa hiyo baa 32 ni midundo 128. Kwa kasi ya midundo 113 kwa dakika, hiyo ni sekunde 68 kabla hata kitu kikubwa hakijaingia. Chungulia mara tatu: sekunde 20 kuanzia dakika ya 1:30, nyingine 20 katikati, na 20 za mwisho kabla haujaanza kufifia. Wimbo ambao vipande vyote vitatu vinafanana kabisa, uache.

Jambo la pili, spika ya simu. Ile besi inayogonga ya amapiano, logi dramu, iko chini kabisa ambako spika ndogo haifiki. Unabaki kusikia kayamba tu, na kayamba za amapiano kweli zinafanana. Vaa spika za masikioni, hata za bei ndogo. Na washa kwenye mipangilio ile sehemu ya kusawazisha sauti kati ya wimbo na wimbo, kwa sababu wimbo wenye sauti kubwa zaidi huonekana mtamu kuliko mwenzake hata kama si kweli.

Bando je? Nyimbo 30 za kujaribu kila wiki si zitanimaliza?
*Mama wa wawili, Mombasa*

Inategemea ubora uliouchagua, dada. Kwa kilobiti 96 kwa sekunde, dakika moja inakula MB 0.72. Nyimbo 30 za dakika tatu na nusu ni kama MB 76. Ukiacha kwenye kilobiti 320, nyimbo hizo hizo zinafika MB 252. Piga hesabu ya wimbo mzima hata kama unachungulia vipande, kwa sababu programu nyingi huvuta wimbo mbele ya pale ulipo. Kwa kujaribu, 96 inatosha kabisa. Zile nane za benchi zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Cha kuepuka ni kujaribu nyimbo kwa video. Picha ndiyo inayokula bando, na isitoshe unaanza kupigia kura mavazi.

Watoto wanatumia simu yangu. Sasa mapendekezo yote ni nyimbo za kuhesabu moja mbili tatu.
*Msomaji wa Bujumbura*

Orodha za mapendekezo kama ile ya Spotify ya kila Jumatatu, yenye nyimbo 30, hufuata ulichocheza karibuni. Washa kipindi cha faragha kabla hujawapa simu, au plelisti ya watoto uiondoe kwenye ladha yako kupitia nukta tatu. Kisha cheza chati yako yote mara mbili tatu kwa wiki. Uchafu unatoka taratibu, usitegemee kesho.

Remiksi ni wimbo mwingine au ni ule ule?
*Msomaji wa Lubumbashi*

Kwa usajili ni rekodi nyingine, yenye namba yake ya ISRC, yaani utambulisho wa rekodi wa herufi na tarakimu 12. Kwa chati yako tazama mdundo. Kwetu huku remiksi mara nyingi ni mdundo ule ule na msanii mgeni aliyeongezwa ubeti; hizo ziandike mstari mmoja na wiki zake ziendelee kuhesabiwa, la sivyo utajikuta umeupa wimbo mmoja wiki 24. Mdundo na kasi vikibadilika, kwa mfano bongo flava iliyogeuzwa amapiano, upe mstari wake.

Mwisho wa mwaka nitajuaje wimbo wa mwaka?
*Mwalimu, Tanga*

Wengi hutoa pointi 20 kwa namba moja, 19 kwa namba mbili, hadi 1 kwa namba 20. Ni rahisi, lakini inapendelea nyimbo za katikati. Wimbo uliokaa nafasi ya 11 kwa wiki 10 unapata pointi 100. Uliotawala namba moja kwa wiki nne na kuondoka unapata 80. Hilo haliko sawa, Mwalimu. Zipandishe za juu: namba moja 30, mbili 25, tatu 22, kisha 17 kwa namba nne na kuendelea kama kawaida. Hapo yule wa wiki nne anapata 120.

Tatizo lingine ni Desemba. Wimbo ulioingia Novemba pointi zake hukatwa vipande viwili na hauonekani mwaka wowote. Funga mwaka wiki ya mwisho ya Novemba, na wimbo ulioingia kabla ya hapo uhesabiwe pointi zake zote mpaka utoke. Kwa kuwa hakuna wimbo unaozidi wiki 12, wa mwisho atakuwa ametoka kufikia mwishoni mwa Februari, na hesabu yako ya mwaka itafungwa wakati huo, si usiku wa kuamkia Januari.