Maswali ya Wasomaji: Draivu ya kuchomea diski, na mahali pa kuhifadhi kazi zako

SWALI: Ndugu wahariri, salamu. Kompyuta yangu ya mezani ina hadi diski moja ya GB 500 na imekaribia kujaa. Picha za familia ni GB 60, video za harusi na sherehe GB 180. Nataka kununua draivu ya kuchomea diski pamoja na hifadhi mpya. Nianze na kipi, na nikiwa dukani niangalie nini?

JIBU: Anza na hifadhi. Draivu ya kuchomea ifuate baadaye, na ikifuata iwe ya Blu-ray. Piga hesabu uone kwa nini. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7, lakini Windows itakuonyesha 4.38, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. Picha zako peke yake zitameza DVD 14, video 42. Kwa kasi ya 8x kila diski huchukua dakika kama 8 kuchomwa na nyingine 6 au 7 kuhakikiwa. Hizo ni saa 14 za kukaa ukiingiza na kutoa diski, na video yoyote inayozidi GB 4.38 haitaingia mpaka uikate vipande. Diski moja ya Blu-ray ya tabaka moja hubeba GB 25, yaani 23.28 kwa hesabu ya Windows, kwa hiyo kazi yote inaisha kwa diski 11. Draivu inayochoma Blu-ray kwa kawaida huchoma DVD na CD pia, hupotezi kitu. Ila soma maandishi ya boksi kwa makini: zipo draivu zinazosoma Blu-ray lakini zinachoma DVD na CD tu. Ukiona BD-ROM, hiyo ni ya kusoma. Unayoitaka ina BD-R (ya kuandika mara moja) au BD-RE (ya kufuta na kuandika tena) kwenye orodha ya kuandika.

Sasa hifadhi. Windows na programu ziende kwenye SSD, yaani hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka, video ziende kwenye hadi diski ya inchi 3.5 ya TB 2 au zaidi. Kabla ya kununua SSD, fungua kompyuta au kitabu cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) uone kama kuna tundu la M.2, lile jembamba la kuchomekea SSD moja kwa moja kwenye bodi. SSD iliyozoeleka humo ina upana wa mm 22 na urefu wa mm 80, ndiyo maana inaitwa 2280. Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge, kwa sababu kuna M.2 ya SATA (njia ya zamani, ile ile ya hadi diski) na M.2 ya NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), na kwa macho zinafanana. Watu hutazama mapengo kwenye meno: yakiwa mawili wanasema ni SATA, likiwa moja NVMe. Kipimo hicho si cha kuaminika, maana zipo NVMe zenye mapengo mawili. Kitabu cha mazabodi ndicho kinachojua tundu lako linapokea ipi. Angalia pia kama kutumia tundu hilo kunazima soketi mojawapo ya SATA. Mazabodi nyingi hufanya hivyo, kisha mtu anadhani draivu yake ya DVD imekufa kumbe soketi ndiyo iliyozimwa.

Kama huna M.2, SSD ya SATA ya inchi 2.5 inatosha kabisa. Inasoma karibu MB 550 kwa sekunde. Hadi diski ya kawaida hucheza kati ya MB 150 na 250. NVMe hufika 3,500 au hata 7,000, lakini kwa kufungua barua na picha tofauti yake na SATA utaihisi kidogo sana. Mruko mkubwa ni ule wa kutoka hadi diski kwenda SSD yoyote.

Kwa hadi diski, uliza kama ni CMR au SMR, yaani namna inavyoandika. CMR huandika mistari bila kulaliana. SMR huandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja, inabidi diski iandike upya na ile inayoulalia, na sehemu yake ya akiba ikijaa kasi inaporomoka ukiwa katikati ya kunakili. Kwa video unazoweka na kuziacha haina ubaya. Kwa diski utakayoiandika kila siku, chukua CMR. Muuzaji akishindwa kujibu, tafuta jedwali la mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli. Bila hivyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

SWALI: Draivu yangu ya nje ya USB inaanza kuchoma vizuri, ikifika katikati inagoma na diski inaharibika. Nimejaribu diski za aina tatu. Tatizo ni diski au draivu?

JIBU: Mara nyingi si diski wala draivu, ni umeme. Tundu la USB 2 hutoa mA 500, la USB 3 mA 900. Kusoma kunavumilika, lakini leza inapoandika huku mota ikizunguka kwa kasi, draivu nyembamba huweza kuhitaji zaidi ya hapo. Sikiliza: mota inapanda sauti, inalegea ghafla, taa inazimika, halafu Windows inatoa ule mlio wa kifaa kilichochomolewa. Hiyo ni njaa ya umeme.

Ondoa waya wa kurefusha na habu (kigawanya matundu ya USB) isiyo na adapta yake. Chomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta ya mezani, kwenye matundu yaliyo juu ya mazabodi yenyewe; yale ya mbele hupitia waya mrefu wa ndani. Kama draivu ilikuja na waya wenye vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili, maana cha pili kiliwekwa kwa ajili ya umeme tu. Kisha punguza kasi: diski ya 16x ichome kwa 8x, au 6x ikiwa draivu ni ya nje. Ikigoma bado hata kwenye kompyuta nyingine, hapo ndipo uishuku leza.

SWALI: DVD niliyochoma inasoma kwangu, kwa shemeji yangu haisomi. Kwa nini?

JIBU: Haikufungwa. Ukiweka diski tupu, Windows huuliza kama utaitumia kama flashi au pamoja na kicheza DVD. Ukichagua flashi, diski hubaki wazi ili uongeze faili, na mashine nyingine hazitaitambua. Chagua la pili. Kama shemeji anatumia mashine ya sebuleni iliyounganishwa na televisheni, kuna la ziada: nyingi za zamani zinataka folda ya VIDEO_TS iliyotengenezwa na programu ya DVD, hazijui MP4. Na ukiwa umetumia RW, ile ya kufuta na kuandika tena, jaribu DVD-R. RW huakisi mwanga kidogo kuliko diski ya kuandika mara moja, na lenzi iliyochoka haiioni.

SWALI: Nikinakili picha kwenye SSD na kuifungia kabatini, zitakaa miaka mingapi?

JIBU: Usiifanyie SSD hivyo. Inatunza data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole ikiwa haijachomekwa, hasa kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa SSD za kompyuta za kawaida kinadai mwaka mmoja tu bila umeme kwa nyuzi 30 za Selsiasi, baada ya SSD kumaliza kiasi chake cha kuandikwa. Ikiwa mpya hukaa zaidi, lakini kabati si mahali pake.

Kwa kufungia, hadi diski au diski ya kuchomwa ni bora. Kwenye Blu-ray epuka zilizoandikwa LTH, ambazo tabaka lake ni rangi ya kikaboni. BD-R za kawaida, yaani HTL, hutumia madini na huvumilia mwanga zaidi. M-DISC, diski iliyoundwa kwa kuhifadhi muda mrefu, pia ni ya madini, ila ya DVD inahitaji draivu inayoitaja kwenye orodha yake.

Jua pia jeraha liko wapi. Kwenye CD data iko chini tu ya upande wa lebo, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ni mbaya kuliko wa chini. DVD imeifungia katikati, mm 0.6 kila upande. Blu-ray inayo mm 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, ikilindwa na tabaka gumu. Kwa zote, usibandike karatasi ya gundi: ikivimba upande mmoja diski inayumba. Andika kwa kalamu laini ya diski, kwenye duara la ndani lisilo na data. Zisimamishe wima, gizani.

Na iwe nakala ya pili, usifute ya kwanza.

SWALI: Nimefunga hadi diski ya TB 4, Windows inaonyesha TB 2 tu. Nimeibiwa?

JIBU: Hapana, imegawanywa kwa mfumo wa MBR, unaohesabu sekta za baiti 512 hadi kufika TB 2 na kukomea hapo. Inatakiwa GPT, mfumo mpya usio na kikomo hicho. Kama diski haina kitu, fungua diskpart, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows, ukiwa msimamizi, andika list disk, na uangalie safu ya ukubwa mpaka uwe na uhakika ipi ni yako. Ya TB 4 itasoma GB 3,700 na kitu. Kisha select disk na namba yake, halafu clean, halafu convert gpt. Amri ya clean haiulizi mara mbili, na ukikosea namba unaweza kufuta diski ya picha. Anayeogopa achomoe waya za diski nyingine zote isipokuwa ya Windows na hii mpya kabla ya kuanza. Kisha tengeneza sehemu mpya kwenye diski na uifomati. Ukimaliza utaona TB 3.63, na hizo ndizo TB 4 ulizolipia. Ikibaki TB 2 hata baada ya hapo na diski iko kwenye kasha la USB, basi kasha ni la zamani. Ichomeke kwenye soketi ya SATA ujaribu tena.