Fomu 412, asilimia 93 wamefurahi: kwa nini mfadhili amekataa?

SWALI: Shirika letu dogo linasaidia nyumba za makumbusho na vituo vya utamaduni hapa Lubumbashi. Tuligawia wageni fomu, 412 zikarudi, na asilimia 93 waliandika kwamba wamefurahi sana. Mfadhili anasema takwimu hizo hazimwambii kitu. Tena tulituma dodoso la maswali 64 kwa barua pepe kwa vituo 14, vikajibu vitatu tu. Je, tuongeze fomu za wageni zifike 1,000? Na hivi vituo tuvifanyeje? (Mama msomaji, Kampemba)

JIBU: Mama, usichapishe hata fomu moja ya ziada. Idadi yenu inatosha. Kama watu wangechaguliwa vizuri, 385 tu wangetosha kwa kosa la asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95 (yaani mara 95 kati ya 100 jibu lenu halitapishana na la wageni wote kwa zaidi ya pointi 5). Wakiwa 200, kosa ni kama 7; wakiwa 100, ni kama 10; wakiwa 1,000, ni 3. Yaani kutoka 200 hadi 1,000 kazi inakuwa mara tano na faida ni pointi 4. Hesabu hiyo yote ina sharti moja: kila mgeni awe na nafasi inayojulikana ya kuulizwa. Fomu iliyoachwa mezani ichukuliwe na anayependa haina sharti hilo, hata zikirudi elfu kumi.

Kwa hiyo kazi inaanzia mlangoni, kwa kuhesabu. Daftari la wageni halitoshi, maana kundi la shule huandikiwa jina la mwalimu peke yake, na tiketi haziwaonyeshi walioingia bure. Wekeni karatasi yenye safu nne (wanafunzi waliokuja na shule, watoto waliokuja na familia, watu wazima wa hapa, wageni wa mbali) na mlinzi apige mstari mmoja kwa kila anayeingia, saa kwa saa. Fanyeni hivyo majuma mawili kabla ya kuuliza mtu swali lolote. Ikiwa hesabu inaonyesha watu wazima 60 kwa siku ya kawaida na mhoji wenu anaweza mahojiano 15, gawa 60 kwa 15: ataulizwa kila mtu wa nne anayetoka. Wa kwanza apatikane kwa kura, namba 1 hadi 4. Akikataa, mhoji aandike saa, mwanamke au mwanaume, umri wa kukadiria, kisha asubiri wa nne mwingine. Kumfuata aliye karibu kwa sababu ana uso wa tabasamu ndiko kunakozaa hizo asilimia 93.

Chanzo cha pili cha 93 ni adabu. Kwetu mgeni hamwambii mwenyeji kwamba mboga zilikosa chumvi. Kama anayegawa fomu ndiye aliyemtembeza mgeni, na amesimama palepale akingoja irudishwe, jibu mnalijua kabla ya kuuliza. Mhoji awe mtu asiyevaa beji ya nyumba, asimame nje ya mlango wa kutokea, na badala ya «umefurahi?» aulize mambo yaliyotokea: Umekaa muda gani? Kitu gani umekitazama zaidi? Kuna maandishi uliyoacha kuyasoma, kwa nini? Tukiweza kubadilisha kitu kimoja tu, kiwe nini? Maswali 8 hadi 10, dakika tano. Swali la mapato liachwe kabisa isipokuwa mna kazi nalo, linafukuza watu.

Lugha nayo. Swahili la vitabuni lina neno «makumbusho», lakini wengi hapa mjini husema tu musée, na anayesikia «makumbusho» anaweza kufikiri ni sherehe ya kumkumbuka marehemu. Jaribuni maswali kwa watu 10 wa rika mbalimbali, na baada ya kila swali mwombeni mtu alirudie kwa maneno yake. Pale wawili wanapolirudia tofauti, swali limevunjika. Vilevile andikeni Swahili moja ambayo wahoji wote wataisoma neno kwa neno. Wakiachiwa kutafsiri Kifaransa papo hapo, kila mmoja anakuwa na dodoso lake.

Sasa wanafunzi, ambao mara nyingi ndio huharibu hesabu nzima. Watoto 40 wa darasa moja wamesikia maelezo yaleyale, wamechoka pamoja, wamenakili kwa jirani. Si mashahidi 40. Chukueni watatu kwa kura na mwalimu mmoja, halafu mpite kwenye shule nyingine. Matokeo yao yasichanganywe na ya wengine bila kupimwa uzito, yaani kila kundi lihesabiwe kwa ukubwa wake halisi mlangoni. Tuseme mwezi mmoja mlango ulihesabu watu 1,000: wanafunzi 700, wengine 300. Ninyi mmehoji wanafunzi 50, kati yao asilimia 60 walielewa maelezo, na wengine 150, ambao asilimia 90 walielewa. Mkijumlisha hovyo mnapata 165 kati ya 200, asilimia 82.5. Mkirudisha uzito wa mlangoni (0.7 mara 60, ongeza 0.3 mara 90) mnapata 69. Hilo pengo la pointi 13.5 limetoka kwenye kujumlisha, na mfadhili mwenye uzoefu hulitafuta kabla ya kitu kingine.

Gaweni siku pia: baadhi za masomo, baadhi za likizo, baadhi za mvua, baadhi za kiangazi. Tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ihesabiwe kando. Kwa kukusanya majibu, KoboCollect, programu ya kujazia dodoso kwenye simu ya Android, inafanya kazi bila intaneti na kutuma baadaye. Kila mhoji awe na betri ya ziada na fomu kumi za karatasi, kwa sababu umeme wa kwetu mnaujua.

Wasiokuja kabisa hamtawapata mlangoni. Huo ni uchunguzi mwingine, wa kaya, kwenye komini za mji kama Katuba, Kenya au Ruashi, na gharama yake ni nyingine. Kabla ya kuuanza zungumzeni na Observatoire du Changement Urbain ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iliyozoea kuchunguza kaya za mji huu.

Kuhusu vituo 14: hapo hakuna sampuli, ulizeni vyote. Wala msiandike asilimia. «Vituo vitatu kati ya 14» inasema ukweli kuliko «asilimia 21». Barua pepe haikushindwa kwa uvivu wao. Maswali 64 yanahitaji majibu ya mhifadhi, mhasibu na mtunza ghala, na hakuna hata mmoja anayeyajua yote. Mara nyingi tena hathubutu kujibu bila ruhusa ya wakubwa. Pelekeni kwanza barua kwa uongozi (kwa Musée national, maana yake ni Institut des Musées Nationaux), halafu ombeni saa mbili za kuonana ana kwa ana, na fomu tatu fupi, moja kwa kila mhusika.

Amueni mapema ni nani anaingia kwenye orodha. Fasili ya makumbusho ya ICOM (Baraza la Kimataifa la Makumbusho) ya Agosti 2022 inataka taasisi ya kudumu, isiyotafuta faida, inayochunguza, kukusanya, kuhifadhi, kufafanua na kuonyesha urithi. Kituo cha ngoma kisicho na mkusanyo kiwekwe orodha ya pili, kisifutwe. Ripoti ya UNESCO ya 2020 ilihesabu makumbusho kama 95,000 duniani, na chini ya asilimia 1 yalikuwa Afrika. Sehemu ya pengo hilo ni nyumba ambazo hakuna aliyeziandika.

Ghalani msiulize «hali ni nzuri?» Pimeni. Chukueni vitu 20 kutoka kwenye orodha mvitafute rafuni, kisha vitu 20 kutoka rafuni mvitafute kwenye orodha, mkishika saa. RE-ORG, mbinu ya kupanga upya ghala ya ICCROM (shirika la kimataifa la kuhifadhi urithi), inataka kitu kipatikane ndani ya dakika tatu. Mkipata 11 kati ya 20, hiyo ni namba ambayo mfadhili anaweza kuilipia rafu, lebo na miezi ya mtu wa kuandika. Majibu kuhusu kufuli, walinzi na mahali vitu vya thamani vilipo yakae faili peke yake, yasiingie kwenye ripoti wala kwenye simu za wahoji.

Kila kituo kirudishiwe ukurasa wake mmoja kabla ripoti haijatoka, kisahihishe makosa. Na mwakani mrudi na maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, hata kama mmegundua namna nzuri zaidi ya kuyauliza. Swali jipya liwekwe mwisho wa fomu, baada ya yale ya zamani.