Baba yao ataka likizo yote

SWALI

Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, msichana wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka sita. Niliachika, talaka tukaiandikisha kwa Kadhi, watoto wakabaki nami hapa Majengo, Mombasa. Baba yao alihamia Nairobi na sasa ana mke mwingine. Likizo hii ndefu anataka kuwachukua tangu skuli zifungwe hadi zifunguliwe Januari. Na huyu ni mtu ambaye matumizi huleta akipenda. Agosti aliwarudisha usiku wa kuamkia siku ya kufungua, mvulana ana kiatu kimoja cha skuli, cha pili kimesahauliwa Nairobi. Asubuhi alikwenda na ndara. Msichana naye sasa hataki kwenda kwa babake, nikimuuliza sababu analia tu. Mamangu aniambia nisiwatoe mpaka baba yao alipe anachodaiwa. Mamake yeye yuko Kibokoni, na tunaelewana vizuri. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Majengo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo msichana, hayo mengine yatangoja. Usimuulize tena kwa nini hataki. Mtoto wa umri huo akiulizwa “kwa nini” huona anahukumiwa. Kaeni mukichambua mchicha, umuulize kule hulala wapi, hulala na nani, mchana baba akiwa kazini hubaki na nani nyumbani. Huenda ni jambo dogo: analala sebuleni, wageni wanaingia na kutoka, na yeye ameanza kuwa mkubwa anaona haya. Hilo babake anaweza kulirekebisha. Lakini ukisikia kuna mtu amemshika au kumtisha, hakuna safari. Nenda ofisi ya watoto siku hiyo hiyo, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Sasa mamako. Uchungu wake naujua, ila ushauri wake siuungi mkono. Matumizi ni haki ya watoto, na kumuona baba yao pia ni haki yao. Ukizuia hii kwa sababu ya ile, watoto wanadhulumiwa mara mbili. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama, wote wakiwa na jukumu sawa, wawe wameoana au la. Matumizi yana njia yake: andika miezi ambayo hakuleta, weka rekodi za M-Pesa za ile aliyoleta, uende nazo kwa ofisa wa watoto. Atawaita mzungumze. Isipofaa, kuna mahakama ya watoto pale Tononoka.

Likizo yote hapana. Hiyo ni miezi miwili na zaidi, na wewe pia ni mzazi wa likizo, si wa kufua sare na kuamsha watu alfajiri tu. Tena nataka umuulize, bila ya ukali: kazini amepewa ruhusa ya siku ngapi? Ikiwa ana wiki mbili tu, zile nyingine watoto watakuwa wanalelewa na mama wa kambo, ambaye pengine hakuulizwa hata yeye. Masikini, naye ana nyumba yake ya kuendesha.

Mimi ningempa Novemba. Ina faida ambayo watu wa Pwani tunaijua. Ikikaribia Krismasi, Nairobi nzima inateremka kuja kuoga baharini, na tikiti ya treni ya kuja Miritini huipati. Watoto wakipanda mapema na kurudi mwanzoni mwa Desemba, safari zote mbili ni nyepesi, na Januari inawakuta nyumbani wamekwisha pumzika, chuo cha Kurani wamerudi, viatu vimejaribiwa. Akisema likizo yake ya kazi ni ya Krismasi, basi wabadilishie, lakini warudi wiki nzima kabla ya kufungua. Hapo usilegeze.

Kile kiatu kimenikera zaidi ya yote uliyoandika. Dawa yake ni kwamba sare, viatu na vitabu vya skuli havitoki Majengo. Nguo za Nairobi zinunuliwe na zikae Nairobi. Na makabidhiano yafanyike kwa bibi yao Kibokoni. Baba akija kuwachukua au kuwarudisha, awakute au awaache hapo, wewe ufike baadaye. Mbele ya mamake hatapandisha sauti, na wewe hutamkumbusha deni watoto wakisikia. Maana hilo nalo nalishuku: mara nyingi mtoto hukataa safari kwa sababu anajua akirudi atahojiwa baba kanunua nini.

Idi usiisahau. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja, kwa hivyo haifuati likizo za skuli. Semezaneni mapema kwamba Idi mosi watoto wako Mombasa, na yeye ndiye ateremke. Bembea za uwanja wetu wa Makadara na pesa za sikukuu kutoka kwa majirani hazipatikani Nairobi.

Mtumie ujumbe, usimpigie. Andika hivi:

“Salaam aleikum. Watoto watakuja kwako Jumamosi ya kwanza baada ya skuli kufungwa, warudi Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Tukabidhiane kwa mama Kibokoni. Nauli ni juu yako. Sare zinabaki huku. Nijulishe msichana atalala wapi na mchana watakuwa na nani. Nitawapigia kila siku baada ya magharibi. Ukikubali nijibu hapa hapa.”

Bibi yao mpelekee nakala. Matumizi usiyaguse kabisa kwenye ujumbe huo. Akiyataja yeye, mjibu siku ya pili.