Kabla ya Kuchoronga Eneo la Kale la Risasi na Fedha: Ushauri Kutoka Mpanda

Watu wanaopata leseni katika maeneo ya zamani ya madini ya risasi na fedha, hasa huku Mpanda, karibu wote hunijia na swali moja: mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa shimo refu la kupimia mwamba, tuusimamishe wapi? Huja na vipande vizuri vya galena, jiwe lenye risasi, vizito mkononi, vya kijivu chenye kumeta, na hutaka shimo la kwanza likamilike kabla mvua hazijafunga njia. Mimi huwaomba wasubiri. Nimefanya kazi ya jiolojia katika ukanda huu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba eneo lililowahi kuchimbwa lina ushahidi wa aina mbili, ule ulio kwenye mwamba na ule ulio kwenye makaratasi, na kwamba anayesoma mmoja akauacha mwingine hununua upya taarifa ambazo wengine walikwisha kuzigharimia.

Risasi ya Mpanda, pamoja na fedha, dhahabu na shaba zilizofuatana nayo, ilichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals katika miaka ya 1950. Kwa ajili ya mgodi huo lilijengwa tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, umbali wa kilomita 210 hivi, likikata pori la miombo lililokuwa na mbung'o wengi na wakazi wachache. Ilipofika 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Reli ilibaki, na mji uliokua mwishoni mwake ndio leo makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012. Sijui kama wote wanaosafiri kwa treni ile wanafahamu kwamba njia yao ilitandikwa kwa sababu ya risasi, lakini mtafutaji madini hana budi kufahamu, kwa kuwa jambo hilo linamweleza kwamba kuna wakati watu makini walipima utajiri wa miamba hii wakaona unastahili reli, na haikupita hata miaka kumi na mitano mgodi ukawa kimya.

Hapo ndipo usomaji wa historia unapopaswa kuanza. Mgodi unaweza kufungwa kwa sababu mbale, yaani mwamba wenye metali ya kutosha kuchimbwa kwa faida, imekwisha, au kwa sababu imepungua ubora kadiri mashimo yanavyokwenda chini, au kwa sababu bei imeanguka, na kila sababu inakupa ushauri tofauti. Bei za metali zilipanda sana wakati wa vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha risasi ikashuka katika nusu ya pili ya muongo huo, hadi Marekani mwaka 1958 ikaweka kikomo cha uingizaji wa risasi na zinki ili kulinda migodi yake yenyewe. Kwa hiyo ripoti iliyoandikwa mwaka 1951 na ile ya 1959 zinaweza kuzungumzia mshipa uleule wa madini, moja ikauita mbale na nyingine ikauita kifusi, na zote mbili zikawa za kweli kwa siku zake. Kabla hujasoma hitimisho la ripoti yoyote ya kale, soma tarehe yake, kisha tafuta bei ya mwaka huo.

Makaratasi hayo yanatafutwa kwanza Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, ambayo imerithi kumbukumbu za utafiti wa jiolojia ulioanza katika miaka ya 1920, zikiwamo ramani ambazo vijana wengi wa fani hii hawajawahi kuzikunjua. Nenda mwenyewe, kaa nazo, na usiridhike na muhtasari uliotengenezwa na mtu mwingine, kwa sababu muhtasari huchukua namba na kuacha mazingira yake.

Namba zenyewe zinahitaji uangalifu. Fedha katika ripoti za enzi hizo hutajwa kwa wakia kwa kila tani, na tani ilikuwa ya namna mbili: tani ndefu ya Kiingereza ya ratili 2,240, na tani fupi ya ratili 2,000 iliyotumika katika migodi iliyofuata desturi ya Afrika Kusini. Wakia 5 kwa tani ndefu ni gramu 153 hivi kwa tani ya kisasa, na wakia 5 kwa tani fupi ni gramu 171. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha hesabu ya mradi mzima, na mara nyingi jibu limo katika ukurasa wa mbele wa ripoti, ambao hunakiliwa kwa nadra. Vivyo hivyo urefu wa mbale ndani ya shimo si unene wa mshipa. Shimo likiukata mshipa kwa pembe ya nyuzi 30, meta 4 zilizoandikwa ni meta 2 tu za unene halisi.

Halafu kuna mahali lilipo shimo. Ramani za karatasi ambazo wengi wetu tumezitumia zimejengwa juu ya mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS huonyesha mfumo mwingine, WGS84, usipovielekeza vinginevyo, na ukihamisha namba moja kwa moja bila kubadilisha mfumo utakosea kwa meta 300 hivi. Ramani za ndani ya mgodi huweza kuwa na gridi yake pekee isiyohusiana na ramani yoyote ya nchi. Mshipa wenye unene wa meta moja au mbili hausamehe kosa la namna hiyo. Dawa ni kutembea: tafuta mdomo wa shimo la zamani, msingi wa zege, kona ya mtaro, upime kwa GPS vitu vinavyoonekana pia kwenye ramani, kisha uifunge ramani yote juu ya alama hizo.

Kuna jambo moja zaidi katika ripoti za uchorongaji ambalo naona halipewi uzito wake. Galena ni laini, ugumu wake ni 2.5 tu, na huvunjika kwa urahisi katika vipande vya mraba. Mitambo ya zamani ilisukuma maji kwa nguvu, na maji hayo yalisaga na kuondoka na sehemu ya galena kabla mhimili wa mwamba, yaani kipande kirefu kinachokatwa na mtambo ili kipimwe, haujatolewa juu. Ukiona ripoti inataja kipande cha meta tatu ambacho nusu yake haikupatikana, usiichukue namba ya risasi kama ilivyo. Shimo hilo halijasema kwamba mbale ni duni, bali halikupimwa ipasavyo. Nami naamini kwamba mashimo ya aina hiyo ndiyo yanayostahili kurudiwa kwanza, kabla ya kuchoronga mahali papya.

Sasa tuje kwenye mwamba wenyewe. Mpanda imo katika ukanda wa Ubende, ambao miamba yake ilikunjwa na kupikwa chini ardhini kati ya miaka bilioni 2.1 na bilioni 1.8 iliyopita, pembezoni mwa bamba kongwe la Tanzania. Ukanda huu unaelekea kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na ndani yake miamba imekatwa na mipasuko mirefu ambamo mwamba ulisagwa na kuvutwa ukawa kama tabaka za karatasi. Mipasuko hiyo haikufanya kazi mara moja ikafa. Iliamka tena na tena katika zama mbalimbali, na hata bonde la ufa la Ziwa Rukwa limefuata mwelekeo uleule. Maji ya moto yenye metali yalipopanda kutoka chini yalifuata njia hizo, yakaacha mishipa ya kwarizi na kabonati za chuma yenye galena, pairaiti, shaba, na dhahabu kidogo.

Kwa mtafutaji, maana yake ni kwamba mbale haitandazwi sawasawa katika urefu wote wa mpasuko. Hukusanyika pale mpasuko unapopinda, unapogawanyika, au unapotoka kwenye mwamba laini na kuingia kwenye mwamba mgumu, kwa sababu hapo ndipo nafasi ilifunguka. Kati ya mkusanyiko mmoja na mwingine unaweza kukuta mshipa mwembamba wa kwarizi tupu kwa makumi ya meta. Nimewaona watu wakikata tamaa ndani ya kwarizi hiyo tupu, na wengine wakichoronga mashimo yaliyopangwa kwa vipimo sawa, yote yakapita katikati ya mikusanyiko. Ramani ya kina ya mipasuko, iliyochorwa kwa miguu na kwa dira, ina gharama ndogo kuliko shimo moja la kuchoronga, na mimi sichori mpango wa mashimo bila hiyo.

Juu ya ardhi, risasi, zinki na fedha hazina tabia moja. Sulfidi, yaani madini ya metali na salfa kama galena, zikioza kwa maji na hewa, risasi hugeuka madini mengine, anglesaiti na serusaiti, ambazo haziyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo hubaki karibu na mahali ilipokuwa. Zinki huyeyuka na kusafiri na maji, ukaja kuikuta kwenye udongo wa bondeni au mchanga wa mto. Mtu anayepima udongo juu ya mshipa akaona risasi nyingi na zinki kidogo asiandike kwamba zinki haipo. Huenda ipo chini ya usawa wa kuoza, huenda kweli haipo, na shimo ndilo litakaloamua. Fedha nayo huweza kuondoka juu na kukusanyika chini kidogo. Huko Broken Hill, Australia, Charles Rasp alipoweka alama zake mwaka 1883 juu ya kilima cheusi chenye kutu ya chuma na manganizi, alidhani amepata bati, na vipimo vya mwanzo vilionyesha risasi na fedha kidogo tu. Fedha tajiri ilipatikana mwaka 1885, walipoingia ndani zaidi ya kofia hiyo ya kutu.

Katika eneo lililokwisha kuchimbwa, udongo wa juu pia umechafuliwa: vumbi la mbale, kifusi kilichomwagwa barabarani, visusu, yaani mabaki ya mbale iliyosagwa, vilivyosombwa na mvua. Sampuli iliyochukuliwa karibu na mgodi wa kale itakuonyesha risasi hata kama chini yake hakuna kitu. Chimba chini ya udongo uliochafuliwa, anza upande wa juu wa mteremko, na usidharau vichuguu, kwani mchwa hupandisha udongo kutoka kina ambacho jembe halifiki.

Kuhusu umbali wa kusafirisha, risasi si dhahabu. Makinikia, yaani mbale iliyosagwa na kuondolewa mawe matupu, yenye risasi asilimia 60 yakijaza lori la tani 30 yana tani 18 za metali, ambazo kwa bei ya dola 2,000 kwa tani ni dola 36,000 kabla ya makato ya myeyushaji na nauli. Dhahabu ya thamani hiyo mtu huibeba mkononi. Ndiyo maana katika mshipa wa aina ya Mpanda ni fedha na dhahabu zilizomo ndani ya galena zinazoamua kama safari inalipa, na ndiyo maana nasisitiza maabara ipime risasi, fedha, dhahabu na shaba, si risasi pekee. Amana kubwa mno inaweza kubeba gharama ya umbali: Red Dog, kaskazini mwa Alaska, ambako maji ya kijito yenye rangi ya kutu yalimvuta rubani Bob Baker na kumfikisha mwanajiolojia Irv Tailleur mwaka 1968, ilijengewa barabara ya kilomita 84 hadi bahari ambayo huganda sehemu kubwa ya mwaka, na uzalishaji ukaanza 1989. Lakini ile ni zinki iliyowekwa katika tabaka nene za mwamba mweusi wa tope, mamilioni ya tani, wala haifai kuwa kipimo cha mshipa wa meta mbili. Aidha, tangu zuio la Machi 2017 la kusafirisha makinikia nje ya nchi, hakuna anayepaswa kupanga kusafirisha mbale ghafi nje bila kwanza kuuliza Tume ya Madini kuhusu masharti ya sasa.

La mwisho nalisema kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu walio juu ya mishipa hii, na ninalisema kwa uchungu. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yenye galena yalisagwa majumbani. Udongo wa Kabwe, Zambia, bado una risasi ingawa mgodi ulifungwa mwaka 1994. Jiwe lako la dhahabu likiwa zito kupita kawaida na lina punje za kijivu zinazometa, karasha, mashine ya kusaga mawe, isikae kijijini. Iwekwe mbali na nyumba na visima, upande ambao upepo hautoki kuelekea kwa watu, na jiwe lilowanishwe kabla ya kusagwa. Nguo za kazi zifuliwe hukohuko machimboni, kinu cha mawe kisisage nafaka kamwe, na mtoto aliyezoea kucheza kwenye marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe waziwazi kwamba anaishi penye risasi ili damu yake ipimwe.