Acha kuzidisha dola kwa shilingi

We uliyeshuka Marekani juzi, pole na safari na karibu sana. Nina jambo moja kubwa la kukuambia, mengine yote yatafuata humo humo: futa kichwani ile tabia ya kuzidisha. Mimi nilikuja kwa grin kadi ya bahati nasibu nikafikia Columbus, Ohio, mwezi wa kumi na moja, na sweta mbili za mtumba za soko la Karume. Nilipoambiwa kazi ni dola 17 kwa saa nikatoa simu pale pale nikapiga hesabu, masaa 80 kwa wiki mbili ni dola 1,360, mara 2,500 ni milioni tatu na laki nne! Mimi mwalimu wa sekondari niliyekuwa nasubiri mwisho wa mwezi kwa hamu, leo milioni tatu kwa wiki mbili? Usiku ule ule nikampigia kaka yangu tukaanza kupanga kiwanja.

Slipu yangu ya kwanza ya mshahara niliifungulia kituo cha basi, nimevua glavu vidole vinaganda, naisoma mstari kwa mstari. Social Security, yaani mafao ya uzeeni, asilimia 6.2, Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, kodi ya shirikisho, kodi ya jimbo, alafu jiji la Columbus lenyewe asilimia 2.5, chini kabisa bima ya afya. Ikabaki kama dola 1,020. Nikarudia kuisoma nikidhani wamekosea, basi langu likaja likaondoka mi bado nimesimama. Hawakukosea, ndivyo ilivyo, kwa hiyo ukiahidiwa mshahara uliza kinachofika mkononi, na ukishakipata kihesabu kwa dola hizo hizo kwa sababu kodi ya chumba utailipa kwa dola, nauli kwa dola, dawa ya mafua kwa dola. Mtu wa nyumbani akizidisha usimlaumu, yeye anaishi kwa shilingi. Wewe ndo hutakiwi.

Kosa langu ni kwamba sikusema. Mwezi ule nilituma dola 600 nyumbani, bati za mama na ada ya mtoto wa dada, nikaona aibu kusema siwezi, wiki iliyofuata nikakosa hela ya kodi ya chumba nikakopa kwa Mkongo niliyekuwa naishi naye, mtu ambaye na yeye ana watu wake Goma wanamsubiri. Iliniuma sana.

Kitu kingine ni gari. Columbus bila gari utateseka, basi la jumapili unaweza kulisubiri mpaka ukate tamaa, sasa mgeni akichoka kusubiri anaenda kwa muuza magari yeyote anayesema hatuangalii historia yako ya mikopo, na hapo ndipo mimi nilipigwa riba ya asilimia 23. Nililipa miaka mitano. Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuambia vumilia kwanza, omba lifti changia mafuta, fungua akaunti kwenye kredit yunioni, ambazo ni kama saccos zetu, zile za shirikisho riba yao hairuhusiwi kuvuka asilimia 18. Chukua na ile kadi ya mkopo unayoweka dhamana yako mwenyewe, dola 200 inatosha, nunulia chakula tu alafu lipa yote kila mwezi, maana huku ukishaanza kukopa na kulipa unapewa alama za ulipaji mikopo, kati ya 300 na 850, na mwenye nyumba mara nyingi ataziangalia kabla hajakupa funguo. Na ukihama nyumba waarifu uhamiaji ndani ya siku 10, usisahau hilo.

Kuhusu kazi, nyumbani watasema umeenda kubeba boksi. Mimi nawahudumia wazee, nawaogesha, nawageuza kitandani, yupo mzee mmoja hagusi chai yake mpaka nimfungulie pazia aone magari yakiingia, nikishafungua ananishika mkono, ndipo anakunywa. Siioni aibu ya kazi hii na wewe usiione. Mafunzo yake kisheria ni angalau masaa 75, majimbo mengine zaidi, na nyumba ya wazee inayopokea malipo ya Medicare au Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ikishakuajiri haitakiwi kukutoza ada ya hayo mafunzo, kwa hiyo uliza kabla hujatoa hela yako mfukoni. Vyeti vyako usivifungie kwenye begi pia. Peleka mapema vikapimwe vinalingana na elimu gani ya huku, ila ujue kupimwa ni kitu kimoja na leseni ya kufundisha au kutibu ni kingine, inachukua muda na pesa, anza ukiwa bado una nguvu.

Ovataimu inalevya jamani. Desemba jua linazama saa kumi na moja jioni na dakika chache, ukipiga dabo, yaani zamu mbili mfululizo, unaingia giza unatoka giza, mi nilipiga dabo nne kwa wiki mpaka siku moja nikasinzia kwenye taa nyekundu, honi ya nyuma ndo iliniamsha. Weka kikomo na ukiheshimu.

Kilichonisaidia mwisho ni ile ile slipu. Niliipiga picha nikamtumia kaka, chini yake nikaandika kodi ya chumba, bima ya gari, simu, chakula, nauli. Alikaa kimya siku mbili, alafu akamsomea mama yote. Tukakubaliana dola 150 kila mwisho wa mwezi na ugonjwa tunauongelea pembeni. Ifanye hii mwezi wa kwanza, usingoje mwaka wa tatu kama mimi. Zamani mama alikuwa ananipigia saa tano asubuhi ya kwake, huku ni saa tisa usiku, siku hizi anatuma ujumbe kwanza, mwanangu umetoka kazini?